Shikamoo Kutoka Barabarani

"Posa imerudi," alisema Mzee Erasmus, akiwa bado amesimama mlangoni.

Kofia ilikuwa mkononi. Suruali ya suti, aliyoivaa kwa heshima ya siku ile, ilikuwa imejaa mbegu za majani mpaka magotini. Mama, aliyekuwa akichambua mchele wa wageni, hakuinua uso. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani, mahali ambapo binti anayeposwa hukaa na kujifanya hasikii.

"Imerudije?" aliuliza Mama. "Hata chai hamjanywa."

"Imerudi, Mama Apolinaria. Nimemfuata mzee shambani kama alivyoagiza. Nimeinama, nimesalimu, nimetoa neno la kijana wetu. Akanijibu, 'Erasmus, wewe nakufahamu. Lakini mwambie huyo askari wako kwamba mimi si mpita njia. Binti yangu haolewi na mtu anayeniamkia kutoka barabarani.'"

"Kutoka barabarani?"

"Barabarani, mama! Mimi nimeingia majanini nikijua yuko nyuma yangu. Nageuka, naona kijana kasimama kule kule, miguu pamoja kama yuko gwarideni, anapaza sauti: 'Shikamoo babaa!' Utadhani anauza mkaa."

Mama alicheka kidogo, akajizuia, kisha akatazama upande wa pazia. Alijua nilikuwa nimeshika kitambaa kwa mikono miwili.

Nieleze kidogo. Kwetu Kwihara, baba anayeletewa posa hakai kitini kuwasubiri wageni, wasije wakadhani ana haraka ya kumtoa mwanawe. Hujitafutia kazi, na anayemtaka binti humfuata kwenye kazi hiyo. Baba yangu, Mzee Vedasto, alikuwa ameamkia kwenye karanga zake. Jana yake alikuwa amemwambia Mzee Erasmus, "Na huyo Zablon mwenyewe aje. Sitaki picha ya kwenye simu. Nataka nimwone akitembea."

Zablon alikuwa na likizo ya siku ishirini, na kumi na sita zilikuwa zimekwisha. Jumatano angepanda ndege kurudi kwenye ile nchi ya baridi na ngano, ambako vita vilikuwa vimekwisha lakini jeshi lake lilikuwa limewafungulia mlango wageni wa kujitolea. Leo ilikuwa Jumamosi. Na Baba, akishasema hapana na jua likazama juu ya hapana hiyo, hajawahi kuitengua. Mjomba wangu alianza kumwomba msamaha mwaka nilioanza darasa la kwanza. Sasa mimi ndiye ninayelifundisha darasa la kwanza, na mjomba bado anaomba.

Nikatoka nyuma ya pazia.

"Wewe!" Mama alishtuka. "Unakwenda wapi?"

"Kumwuliza."

"Binti anayeposwa hatoki nje, Apolinaria."

"Sijaposwa, Mama. Posa imerudi."

Mzee Erasmus akapiga goti lake kwa kofia. "Mwalimu kasema kweli! Nenda mwanangu. Mimi huyo nimemlea, nimemfundisha kuziba pancha dukani kwangu Isevya akiwa na miaka tisa, lakini leo simwelewi hata mimi."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwa miaka mitatu ya mapenzi ya simu, nilikuwa narekodi ujumbe wa sauti mara nne, nafuta mara tatu, na wa nne naufuta pia, ndipo namwandikia: *Habari za huko?* Yeye alijibu kila mara, hata akiwa kwenye theluji, pumzi zake zikisikika. Nilimfahamu siku aliponitengenezea baiskeli pale Isevya, likizo yake ya kwanza kutoka masomoni katika nchi ile ile. Aliifunga mnyororo, akaiendesha hatua chache, akairudisha, akasema, "Breki ya nyuma ilikuwa inakudanganya." Hakuongeza neno, akanitazama. Nilirudi Kwihara kwa miguu nikiikokota baiskeli nzima, sijui kwa nini.

Nilipitia mlango wa uani. Shamba la karanga liko upande wa kushoto wa nyumba, na kati yake na barabara kuna kipande cha majani ambacho hakijalimwa mwaka huu, marefu mpaka magotini, hatua kama arobaini. Barabara yenyewe ni ile ya zamani ya misafara, ya mchanga mwekundu, iliyotandazwa na miguu ya wapagazi kabla babu zetu hawajazaliwa. Baba alikuwa ameinama kwenye matuta, mgongo kwangu. Jembe lake lilikuwa likipiga kwa hasira.

Zablon alikuwa bado yupo. Shati jeupe, mikono ubavuni, katikati kabisa ya barabara. Hakuwa ameondoka, na moyo wangu ukachangamka kwa hilo tu. Nikakatiza majanini kwenda kwake.

"Simama!"

Mguu wangu ulibaki hewani.

"Apo, usisogee! Simama hapo hapo ulipo!"

Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia katika jumbe zote za miaka mitatu. Nyuma yangu jembe lilinyamaza.

"Nani huyo anamfokea mwanangu?" Baba aliuliza kutoka shambani.

Sikugeuka. Nilikuwa namtazama Zablon, naye hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu yangu. Macho yake yalikuwa yamebandikwa kwenye majani yaliyoizunguka, na jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ukosi, asubuhi ile ya Mei yenye ubaridi.

Taratibu akapandisha macho. Aliponiona, akarudi. Siwezi kueleza vinginevyo. Alikuwa mbali, akarudi.

"Samahani," alisema kwa sauti yake ninayoijua. "Samahani sana, Apo. Ni majani."

"Majani yamefanya nini?"

"Hayajakatwa."

Nikaweka mguu chini, taratibu. Niliona bega lake likiruka.

"Kule," alisema, "majani ambayo hayajakatwa hayakanyagwi. Unapita palipopigwa vigingi vyeupe, upana wa mita moja, huna ruhusa ya kuchepuka hata kwa haja ndogo. Nimekaa hivyo miezi kumi na saba."

"Lakini hapa ni Kwihara, Zablon."

"Najua. Kichwa kinajua. Tangu asubuhi ninakiambia, nacho kinaitikia. Miguu ndiyo haijashuka kwenye ndege." Alijaribu kutabasamu. "Baba mdogo Erasmus aliingia tu, kama mtu anayeingia kwake. Nikamwona baba yako pale, nikaona haya kukaa kimya. Mguu uligoma, mdomo ukawahi."

"Ungezungukia nyumbani."

"Halafu? Umeliona lile shamba? Udongo wote umefukuliwa leo. Udongo uliofukuliwa karibuni ndio mbaya kuliko majani."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumshika. Kati yetu kulikuwa na hatua ishirini na tano. Alitoa leso mfukoni ajifute, na karatasi iliyokunjwa ikatoka nayo, ikaanguka mchangani. Akaiokota haraka mno.

"Ni nini hiyo?"

"Karatasi tu."

"Zablon. Nafundisha watoto wa miaka sita. Najua mtu anavyoficha kitu nyuma ya mgongo."

Akaitazama. "Ni ya kuongeza mkataba. Huu wangu umebakiza miezi saba. Wanataka nisaini miaka miwili mingine."

"Umesaini?"

"Bado."

"Ulikuwa uniambie lini?"

Akasema, kwa uaminifu wake ule unaokera, "Baada ya posa."

"Baada ya posa! Yaani nikishafungiwa mlango ndipo nionyeshwe chumba?"

"Apo, sikiliza..."

"Nasikiliza. Nimekuwa nikisikiliza miaka mitatu. Sema."

"Unamjua bibi mwenye nyumba wangu."

Nilimjua. Vita vilipomkuta Zablon masomoni, bibi yule alimficha kwenye ghala lake la chini ya sakafu siku arobaini, akimgawia viazi vyake. Vita vilipokwisha, shamba lake la ngano lilikuwa limejaa mabomu yaliyozikwa. Ng'ombe wake wa mwisho, aliyeamka mzima asubuhi, alifia humo. Zablon aliliona tangazo la jeshi la kutafuta wageni wa kujitolea kuyategua, akaenda siku hiyo hiyo.

"Shamba lake limekwisha kusafishwa," alisema. "Amepanda. Limebaki la shule, ndilo tunalomaliza kwa hii miezi saba. Lakini ng'ambo ya mto kuna kijiji kingine, na baada yake kingine. Kikosi chetu tuko wageni tisa. Kila mmoja ana kwao. Tukiondoka sote..."

"Na baada ya miaka miwili, ng'ambo ya kile kijiji kingine kutakuwa hakuna kitu?"

Aliitazama karatasi.

"Mashamba hayataisha, Zablon. Sikukatazi kuyapenda, nakupenda kwa sababu hiyo. Kama ungekuwa mtu wa kula viazi vya bibi halafu ukapanda ndege, nisingekuwa nimesimama kwenye majani sasa hivi. Miezi saba nitakungojea, na nitakungojea vizuri, sitalalamika hata siku moja. Lakini mimi si shamba la mwisho kwenye orodha."

Sijui maneno yale yalikuwa yamekaa wapi. Huenda ndiyo yale yote niliyokuwa nayafuta.

"Njoo barabarani tuongee," alisema, akinyoosha mkono. "Tafadhali. Nikikuona umesimama hapo siwezi kufikiri."

"Siji."

"Apo."

"Siji, Zablon. Mwanamke haposwi kutoka barabarani. Ukinitaka niko hapa, na mzee yuko pale."

"Nikishindwa katikati? Nikarudi nyuma mbele ya macho yake?"

"Basi atakuwa ameuona ukweli. Mpaka sasa kaona dharau tu."

Alikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Akaja mpaka ukingoni mwa barabara, pale mchanga unapokutana na majani, akasimama.

Ndipo nikafanya ninalofanya na watoto siku ya kwanza ya shule, wanapoogopa kuvuka uwanja. Huwaonyesha kila kitu kwa jina.

"Hapo mbele ya mguu wako," nikasema, "Mama alifunga mbuzi Jumanne. Ona kigingi chake."

Akakitazama kigingi. Akakanyaga.

"Kushoto kuna shimo la panya. Ni la panya kweli, nimewaona wakitoka. Sasa hapo kuna jiwe bapa, tulikuwa tunapondea ubuyu nikiwa mdogo. Likanyage, halijawahi kumla mtu."

Hatua. Hatua. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Hicho kichuguu kulia kwako nimekikalia mimi. Siku uliyoniandikia mara ya kwanza kwamba umenikumbuka."

Alisimama. Akakitazama kichuguu kile kwa muda mrefu, kama watu wanavyotazama nyumba waliyozaliwa.

"Ulinijibu, 'Habari za huko,'" alisema.

"Nilikuwa nimekaa hapo saa nzima natafuta maneno."

"Na ukapata hayo?"

"Ndiyo yalikuwa bora zaidi."

Akacheka. Alicheka na machozi yakamtoka, na katika kucheka kule akapiga hatua nne bila kutazama chini. Alipofika kwangu hakunigusa, maana Baba alikuwa anatuona. Alisimama karibu kiasi kwamba nilisikia joto la shati lake. Alinitazama machoni, kwa utulivu, kama siku ile ya baiskeli. "Breki zako hazidanganyi," alinong'ona.

"Nenda," nilisema. Uso wangu ulikuwa unawaka moto. "Nenda kabla sijakuwa mtu wa aibu tena."

Kwenye matuta hakukuwa na la kumtajia. Kule kila kitu kilikuwa cha Baba. Nilimfuata nyuma. Zablon alipita udongo mwekundu uliopinduliwa, akiweka mguu mmoja, akingoja, akiweka mwingine. Baba alikuwa ameegemea mpini wa jembe. Mama na Mzee Erasmus walikuwa wamesogea mpaka pembe ya shamba.

"Anatembea kama kinyonga," Baba alisema kwa sauti, bila kuulizwa. "Au udongo wangu unamchafulia viatu?"

Zablon alifika, akainama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Shikamoo baba."

Baba alimtazama. Alitazama shati lililolowa likagandamana na mgongo. Baba amefuga nyuki miaka thelathini. Anaijua hofu ya mtu aliyewahi kuumwa, na anaijua hofu ya mvivu, na hachanganyi.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Asubuhi kwa nini hukuja?"

"Niliogopa, baba."

"Uliniogopa mimi?"

"Udongo." Akaeleza. Alieleza kwa sentensi chache, bila kujitetea, kazi anayoifanya na jinsi inavyofanywa, kwa kulala kifudifudi na kuchokoa ardhi kwa kisu kidogo, kidole kwa kidole.

Mzee Erasmus alikuwa amevua kofia tena. Nadhani naye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Yanazikwa kina gani hayo mabomu?" aliuliza Baba.

Zablon alitazama matuta. "Kama karanga zako, baba. Vidole vinne. Vitano."

Baba naye akayatazama matuta. Upepo ulipita kwenye majani nyuma yetu.

"Babu wa baba yangu," alisema, "alibeba pembe za ndovu za watu wengine kwa njia hiyo unayoiona, mpaka pwani. Mara tatu alirudi. Mara ya nne, mkewe aliiangalia barabara mpaka akapofuka. Ukoo huu umechoka kungojea watu waliokwenda kubeba mizigo ya wengine. Ndiyo sababu sikukutaka, wala si shikamoo. Shikamoo ilinipa tu pa kushikia." Akakohoa. "Unarudi huko?"

"Jumatano, baba. Miezi saba, kuna shamba la shule. Nikilimaliza narudi." Akameza mate. "Nilikuwa na karatasi ya miaka miwili zaidi. Siisaini."

"Unasema hivyo kwa sababu nimekasirika?"

"Nasema hivyo kwa sababu nimeambiwa ukweli nikiwa kwenye majani."

Baba akanigeukia. Hakuwahi kuniuliza jambo kubwa mbele za watu maishani mwangu. "Na wewe mama, unasemaje?"

Nikaitafuta sauti, nikaipata pale pale nilipoiacha.

"Miezi saba, Baba. Nimekubali miezi saba, na nimeikubali mwenyewe."

Baba aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mzinga kujua kama umejaa. Kisha akafanya jambo ambalo baba wote wa kwetu hufanya kwa kijana anayemtaka binti yao. Akageuza jembe, akampa mpini.

"Malizia hilo tuta."

Niliona uso wa Zablon ukipauka. Kutembea juu ya udongo ni jambo moja. Kuupiga kwa chuma, kwa nguvu, usijue kilicho chini, ni kila kitu alichokatazwa kwa miezi kumi na saba. Nilifungua mdomo nimwombee. Mama, pembeni yangu, alinifinya mkono.

Zablon alilishika jembe. Alilipandisha, likasimama angani, likakaa huko. Nilihesabu pumzi zangu tatu.

"Ziko karanga humo, mwanangu," alisema Baba, kwa sauti ndogo ambayo mimi humsikia akiitumia kwa nyuki tu. "Nilizipanda mimi mwenyewe. Desemba."

Jembe likashuka.

Udongo ulifunguka. Baba aliinama, akashika shina, akalivuta, akalikung'uta. Karanga zilining'inia, nyeupe, zimejaa. Akapasua moja kwa kidole gumba, akatia punje moja mdomoni mwake, nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Zablon.

"Kula."

Akala. Akatafuna taratibu, macho yamefumbwa. Kisha akapiga jembe la pili, na la tatu, na kufikia la kumi alikuwa anapiga kama mtu wa Tabora.

"Erasmus!" Baba aliita. "Unashangaa nini hapo? Rudi nyumbani upige hodi upya. Safari hii kuna chai."

"Na ubishi wa asubuhi, mzee?"

"Ubishi gani? Wewe umezeeka, unasikia vitu."

Mama alipiga kigelegele kimoja, kirefu, majirani wakatoka nje. Mimi nilimfuata Zablon kwenye tuta, nikawa naokota karanga anazozifukua, mpaka mikono ikajaa na sikuwa na pa kuziweka.

"Nipe ile karatasi," nilimwambia.

Aliacha kulima. Akaingiza mkono mfukoni, akanitazama, akanipa bila swali.

Niliikunja kwa mtindo wa wauza karanga wa stendi, mdomo mpana juu, ncha kali chini, nikaijaza karanga za Baba. "Wapelekee wale wenzako wanane," nilisema. "Waambie zimetoka ardhini, na zimetoka salama."

Zablon aliufunika mkono wangu kwa wake uliojaa udongo, pale mbele ya Baba, na Baba akakuta ana jambo la muhimu la kutazama upande wa mizinga.

Mahali pa kutia saini palikuwa chini kabisa, kwenye ncha. Nikapakunja mara mbili, karanga zisimwagike njiani.